Risala ya klabu ya kilimo kwa mgeni rasmi: tusaidie tujaribu asidi amino kwenye mpunga wetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana hapa kwetu Kilombero.

Mgeni rasmi, mwaka huu risala yetu hatuanzi na madawati, tunaanza na hilo jani la mpunga ambalo mwenzetu amekuletea mezani, tunaomba ulishike uliangalie. Hayo madoa yenye ncha huku na huku, kati kijivu pembeni kahawia, ndo blasti yenyewe, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na fangasi. Ikikamata shingo ya suke basi tena, suke linasimama jeupe, ukilipura ni mapepe matupu, na wengi wetu hapa ada inatoka kwenye huohuo mpunga.

Huyu fangasi akitua kwenye jani lenye umande anajenga kifuko kidogo sana, anakijaza presha inayofika kama mara 40 ya upepo wa tairi la gari, halafu anatoboa anaingia. Tulivyosoma hapo darasa zima lilinyamaza. Na kuna wazazi wakiona majani yamebabuka wanaongeza yuria, jamani hapo ndo mnamnenepesha.

Sasa kilichotupa hamu ni utafiti wa Wajapani uliotoka 2016, walimwagia mizizi ya mpunga asidi amino, yaani vile vijenzi vya protini, hasa kimoja kinaitwa glutameti, baadae wakaupaka ule ugonjwa kwenye majani na madoa yakapungua. Yaani umemwagia chini kinga imetokea juu! Dawa tulizozoea zinamuua fangasi mwenyewe, hii kazi yake nyingine kabisa, inauamsha mmea uwashe ulinzi wake mapema. Glutameti ni ileile inayokoleza mboga, Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani huko Japani mwaka 1908. Ila tunawasihi wazazi msiende kumwaga ya jikoni jarubani, ile imeungwa na sodiamu na mpunga na chumvi haviivi chungu kimoja, halafu wale Wajapani walijaribu kwenye miche michanga sio kwenye heka nzima.

Ndo maana mgeni rasmi tunakuomba vitu viwili tu. Cha kwanza hadubini, maana klabu nzima hatuna hata moja na huyu adui tunamsoma kwa picha. Cha pili utuunganishe na watafiti wa TARI Ifakara, taasisi ya utafiti wa kilimo, waje watuelekeze kipimo sahihi, tupande mbegu za mpunga aina ya Supa na SARO, jaruba moja lipewe asidi amino lingine lisipewe, tuhesabu madoa kila wiki na mapepe wakati wa kuvuna, wazazi waje waone kwa macho yao.

Jaruba la shule lipo, mfereji tumeshauzibua wenyewe jumamosi iliyopita, na kitalu tupo tayari kumwaga mbegu siku yoyote mtakayotuambia.

Tunaomba kuwasilisha.