Chupa tatu za Piemonte

Torino, 16 Novemba

Mpendwa Nyemo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini mama mguu umepona na watoto wanaendelea vizuri na shule. Sisi hatujambo, shemeji yako anakusalimu, na kazi pale mgahawani imepamba moto kwa sababu huu ni msimu wa uyoga wa thamani wa mji wa Alba na wageni wanakuja kwa mabasi.

Mdogo wangu atapita Dodoma kabla ya Krismasi. Nimempa chupa zako tatu, nimezifunga kwa sweta zake mwenyewe ili azitunze. Ulisema nikuchagulie waini nzuri ya Kitaliano uone wakulima wenzenu wa huku wanaifanyaje zabibu. Ningeweza kukutumia moja ya Toscana, moja ya Sicilia na moja ya Veneto, ila ungebaki na majina tu kichwani, maana nchi hii ina mamia ya aina za zabibu. Kwa hiyo zote tatu zimetoka mkoa huu huu wa Piemonte, kwenye vilima vya kati ya Asti na Alba, ambavyo unavimaliza kwa gari kwa siku moja. Zimekua karibu karibu, lakini hazifanani hata kidogo.

Anza na Moscato d'Asti, hiyo nyeupe. Najua ulimi wako unapenda tamu. Ina kilevi kama asilimia 5 tu, kwa sababu wakati juisi inachachuka wanaipoza ghafla na kuichuja, sukari nyingi inabaki bila kugeuka kilevi. Povu lake ni dogo. Iweke kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa, unywe na keki au matunda, na uimalize siku hiyo hiyo. Sina zaidi la kusema juu yake. Ni ya kufurahia.

Ya pili ni Barbera d'Asti, na hiyo ndiyo ninayokunywa nyumbani. Rangi yake nzito, uchachu wake mkali, ukakasi mdogo sana. Ukiionja peke yake unaweza kukunja uso. Kula nayo nyama ya mbuzi yenye mafuta, utaona uchachu ule unavyosafisha mdomo na kukutaka uchukue kipande kingine. Hapa mwezi huu wanainywa na bagna cauda, vitunguu saumu na dagaa wa chumvi vilivyopikwa taratibu kwenye mafuta, mnachovya mboga mezani, na kesho yake hakuna anayekaa karibu na mwenzake kwenye basi.

Hiyo Barbera ina historia chungu. Mwaka 1986 baadhi ya wafanyabiashara wa mkoa huu walichanganya methanoli kwenye mvinyo wa bei rahisi ili kupandisha kilevi. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka, na jina la Barbera lilikuwamo kwenye chupa zilizoua. Sisi tuliokulia kwenye habari za gongo yenye sumu hatuhitaji kuelezwa methanoli inafanya nini. Nchi nyingi zilikataa mvinyo wa Italia kwa muda, na wakulima waaminifu waliumia pamoja na wezi. Wakati huo huo kulikuwa na mtu wa kijiji cha Rocchetta Tanaro, Giacomo Bologna, ambaye tangu mavuno ya 1982 alikuwa ameanza kuilaza Barbera kwenye mapipa madogo ya mwaloni kutoka Ufaransa. Zabibu iliyodharauliwa akaipa heshima ya wakubwa. Mvinyo wake unaitwa Bricco dell'Uccellone na bado unatengenezwa. Wewe nimekununulia ya kawaida, isiyolazwa kwenye mwaloni, maana nataka uisikie zabibu kwanza, mbao baadaye.

Sasa ya tatu, Barbaresco. Hii soma taratibu.

Zabibu yake ni Nebbiolo, ile ile ya Barolo, mvinyo mwingine maarufu wa hapa jirani. Huvunwa mwisho kabisa, Oktoba, ukungu ukiwa umeshaanza kulala mabondeni. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake kwenye mapipa ya mbao. Barbaresco ni miezi 26, na 9 kwenye mbao. Nimekuchagulia Barbaresco kwa sababu mara nyingi inafunguka mapema, na kwa sababu mfuko wangu mwezi huu haukukubali Barolo.

Ukiimimina, rangi itakushangaza. Ni nyekundu hafifu inayoelekea tofali, na najua pale nyumbani mtu atasema imetiwa maji. Hapana, ganda la Nebbiolo lina rangi kidogo, lakini tanini tele, yaani kile kinacholeta ukakasi. Usijaze glasi, weka theluthi tu, uizungushe polepole kisha uiname unuse kabla ya kunywa. Utakutana na waridi. Ukiiacha glasi kidogo na kurudi, chini ya waridi kuna kitu kama lami mpya ya barabara, na mimi hiyo ndiyo naipenda zaidi. Wataalamu hutaja vitu vingine ishirini, usihangaike navyo.

Kisha nywa. Fizi zitakauka kama umeng'ata ndizi mbichi. Tanini hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, ndiyo maana unahisi hivyo. Wengi wakifika hapo wanasukuma glasi pembeni. Wewe kata kipande cha nyama iliyopikwa muda mrefu ikalainika, tafuna, kisha nywa tena. Safari hii tanini imepata protini nyingine ya kushika, mdomo umetulia, na harufu ile ya waridi inarudi ikipitia kooni. Hapo ndipo utaielewa.

Hili ndilo nililojifunza kwa kubeba sahani za watu. Wapo wanaokuja na daftari, wanaonja, wanatema, wanaandika alama kati ya 100. Kazi yao naiheshimu, ila wanauonja mvinyo huu mahali ambapo haukutengenezwa kukaa. Wazee wa hapa wala hawauzungumzii. Glasi ipo kando ya sahani, chakula kinapungua na mvinyo unapungua. Mvinyo unaopendeza sana ukiwa peke yake kwenye glasi, mara nyingi mimi ukifika glasi ya pili umeshanichosha.

Shingoni mwa chupa utaona karatasi ndogo yenye namba na neno DOCG. Inatolewa na serikali, inathibitisha zabibu zimetoka wapi na kanuni zimefuatwa. Haikuahidi kwamba utaupenda.

Mambo mawili ya nyumbani kwako. Hapa wanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini wanamaanisha chumba cha huku enzi za zamani, nyuzi 16 mpaka 18. Dodoma mchana mvinyo utakuwa vuguvugu na kilevi kitakupiga puani, kwa hiyo ziweke chupa nyekundu kwenye friji nusu saa kabla. Mpaka siku hiyo zilaze chini ya kitanda, mbali na joto la bati. La pili, ukifungua ukasikia harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeharibu mvinyo. Si wewe wala safari. Mwaga, uniambie, nitamwambia aliyeniuzia.

Halafu nikuchekeshe. Kuna mkulima wa Neive anayetuletea mvinyo pale kazini. Nilimwambia Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, akakataa katakata. Nikamweleza kwamba kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, ninyi wenyewe ndio mnaoamua ulale lini, kwa kupogolea na kupunguza maji. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ekari inauzwaje.

Nina ombi. Siku ya kufungua Barbera, chukua na chupa ya Makutupora ya kwenu, isiyotiwa sukari. Mimina glasi mbili mbili kwa kila mgeni, usiseme ipi ni ipi, na chakula kiwe mezani. Mjomba Mazengo umweke karibu, maana yeye hatasifia kitu kwa sababu tu kimepanda ndege. Mjomba akisema neno, liandike kama alivyolisema, unitumie. Na uniambie mavuno ya Machi mtayapeleka wapi, maana mara ya mwisho ulisema mnunuzi aliwaacha na zabibu juani.

Wasalimie wote, na mama umpe pole yangu.

Mwenzako,
Sechelela