Kamalondo: lupango inapotea kwenye karatasi kwanza

Mheshimiwa Mhariri,

Kila mara etaji mpya, yaani jengo la ghorofa, inapopanda katika mtaa wetu wa Kamalondo, Lubumbashi, watu wanamlaumu tajiri kwamba anawaondoa wenyeji. Sisi tunaona lawama hiyo inakosea njia. Nyumba za zamani, zile za wakati mtaa ukiitwa bado Commune Albert, zimechoka. Mji uko karibu, uwanja wa TP Mazembe uko hapohapo, kwa hiyo mwenye pesa atakuja tu. Cha kujiuliza ni kwa nini familia inayouza inatoka na kidogo namna ile. Kabla tingatinga halijafika, lupango, yaani kiwanja cha familia, ilishapotea kwenye karatasi.

Familia nyingi zinashika livre de logeur ya babu, kile kijitabu cha zamani cha mwenye kiwanja, imekunjwa ndani ya sanduku, na zinaamini inatosha. Haitoshi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 219, haitambui haki juu ya kiwanja ila kwa sertifika, yaani hati ya kuandikishwa kwa kiwanja. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 390, inamfungulia mlango Mkongomani mwenye livre halali: kama lupango iko katika eneo lililogawanywa na kupimwa, na imejengwa, haki yake inageuzwa kuwa konsesyo ya daima, yaani haki ya kutumia ardhi ya serikali bila kikomo cha miaka. Unapeleka ombi, watu wa kadasta, ofisi ya upimaji wa viwanja, wanapima na kukagua mawe ya mpaka, inaandikwa PV (ripoti rasmi) kwamba kiwanja kimejengwa, kontrati inasainiwa, ndipo konservateri, mkuu wa ofisi ya hati za ardhi, anatoa sertifika.

Dosye inakwama kwenye jina. Livre ni ya marehemu, na hakuna anayemwandikia marehemu sertifika. Urithi ufunguliwe kwanza: familia ikae, iandike PV yenye majina ya watoto wote, wa kike na wa kiume, hata yule wa nje ya ndoa aliyetambuliwa na baba, imtaje likidateri (msimamizi wa urithi), kwa kawaida mkubwa wao au wanayemchagua, kisha korti imthibitishe. Familia huahirisha kazi hii miaka 20 kwa kuogopa ugomvi, na ugomvi unawasubiri.

Komisioneri, yaani dalali wa viwanja, anajua hilo. Hatafuti familia nzima. Anamtafuta mrithi mmoja mwenye shida, anamsainisha karatasi ya mauzo mbele ya mashahidi wawili, basi. Mnunuzi akifanikiwa kuandikishwa na miaka 2 ikapita, sertifika yake haishambuliwi tena. Ndugu wengine wanabaki kudai fidia, mara nyingi kwa kaka ambaye pesa alishazila. Mkisikia tu fununu ya mauzo, pelekeni oposisyo (pingamizi) kwa konservateri kwa maandishi na mfungue kesi papo hapo, maana oposisyo peke yake ina muda wake.

Tupige hesabu. Tuseme lupango imeuzwa dola 60,000, ilikuwa mali ya pamoja ya mume na mke, na marehemu ameacha mjane na watoto 6. Nusu, yaani 30,000, ni ya mjane tangu mwanzo, haiingii kwenye urithi. Katika nusu ya pili, robo tatu ni ya watoto: 22,500, kila mmoja 3,750. Robo inayobaki inakwenda kwa kundi la mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Toa ya komisioneri, toa kodi na gharama za korti. Kwa 3,750 hupati hata kona Kamalondo. Unakwenda Annexe, pembezoni mwa mji, mbali na waya wa SNEL, shirika la umeme, na kila asubuhi unalipa teksi kurudi mjini kutafuta maisha. Tena Kodi ya Familia (Code de la famille, yaani sheria ya familia) inampa mjane haki ya kuendelea kuishi katika nyumba waliyokaa na mumewe. Anayenunua bila saini yake ananunua kesi.

Kuuza si njia pekee. Mwenye lupango anaweza kumwachia mjenzi kiwanja kwa miaka iliyotajwa, ardhi ibaki kwa jina la familia. Tumeona kontrati za namna hiyo za ukurasa mmoja, ambazo hazina tarehe ya mwisho. Hizo ni mauzo yaliyovaa nguo nyingine. Iandikwe kwa notere, afisa anayethibitisha mikataba: miaka mingapi, kodi ya kila mwezi ikiwemo miezi ya ujenzi, jengo linarudi kwa nani muda ukiisha, na familia inalala wapi matofali yakipanda.

Lokatere, yaani wapangaji, ndio wanaohamishwa wa kwanza, na hawamo kwenye hesabu yoyote. Wakumbuke angalau sheria ya tarehe 31 Desemba 2015: garanti (pesa ya dhamana) ya nyumba ya kulala haizidi kodi ya miezi 3, nao wanarudishiwa wakitoka. Anayewadai miezi 6 au 10 anavunja sheria, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo.

Neno kwa majirani wa etaji. Waya uliowekwa kwa nyumba moja, ukibebeshwa friza za duka na mashine ya kuchomea vyuma, nguvu ya umeme inashuka kwa wote. Mota ya friji ikishindwa kuanza kuzunguka inavuta umeme mwingi, inapata moto, inaungua, na fundi anamwambia mama friji ilikuwa mbovu. Kabla msingi haujamwagwa, muulizeni mjenzi kama ameomba laini ya fazi tatu, na shimo la choo cha vyumba 12 atalichimba wapi. Yakishafunikwa na zege, hakuna atakayewaonyesha.

Wasomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi