Nusu-maisha mbili hazimalizi kitu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mionzi imesema kwamba iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, kwa kuwa nusu-maisha yake (muda ambao nusu ya atomu zake huoza, yaani hugeuka kitu kingine) ni siku 8, huwa imekwisha kufikia siku ya 16. Si kweli. Siku ya 16 hubaki robo, siku ya 24 thumuni, na mwendo ni huohuo: kila siku 8 huondoka nusu ya kilichopo wakati huo, si nusu ya kilichokuwapo mwanzo. (Na kuondoka huko si kutoweka. Iodini hiyo hugeuka zenoni, gesi isiyo na mionzi.)

Siwalaumu sana, maana jina lenyewe linapotosha. Ukisikia nusu ya maisha, unadhani mbili zikitimia maisha yameisha. Lakini atomu haizeeki. Ya kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyokaa miaka elfu bila kuoza ina nafasi ileile ya kuoza kesho kama iliyozaliwa leo asubuhi.

Kosa jingine nakutana nalo kila mwaka nikisahihisha madaftari, na hilo ndilo linaloniudhi hasa. Kuna miligramu 800 za iodini-131. Baada ya siku 4 zimebaki ngapi? Karibu darasa zima huandika 600. Siku 8 zinaondoa 400, wanasema, basi siku 4 ziondoe 200. Haya, tuendelee nao. Ikiwa siku 4 hubakiza robo tatu, siku 4 zinazofuata zitabakiza robo tatu ya 600, yaani 450. Mbona tulikubaliana siku ya 8 ziwe 400?

Tunachotafuta ni namba ambayo ukigawanya kwayo mara mbili mfululizo unapata nusu. Ndiyo kipeuo cha pili cha 2, takribani 1.414. Gawanya 800 kwa hiyo, unapata kama 566. Kwa muda mwingine wowote, gawanya muda uliopita kwa nusu-maisha, jibu lifanye kipeo cha nusu, kisha zidisha kwa kiasi cha mwanzo. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Seziamu-137, metali yenye mionzi iliyotawanyika kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka Aprili 1986, ina nusu-maisha ya miaka 30 hivi. Kwa hesabu ya makala yenu, itakwisha 2046. Kwa hesabu sahihi, mwaka huo robo yake itakuwa bado ipo, iwe imekaa palepale ilipoangukia au imechukuliwa na maji.

Mwalimu wa fizikia