Viwanda vya kale visiachwe vianguke

Mhariri,

Inaniuma kuona viwanda vya kale vya nguo vikiachwa vife polepole, kisha tuambiwe hakuna budi vibomolewe. Jengo la namna hiyo haliuawi na uzee. Huuawa na mfereji wa paa ulioziba. Maji hufurika, hupenya ukutani, hufikia ncha za boriti zilizochomekwa kwenye matofali, na mbao huanza kuoza mahali pasipoonekana. Sakafu nazo zimekunywa mafuta ya mashine kwa miaka mingi, ndiyo maana cheche moja hutosha kuteketeza ghorofa zote.

Wanaosema haiwezekani kuviokoa waitazame Shrewsbury, Uingereza. Kiwanda cha kitani cha Ditherington kilijengwa mwaka 1797, na ndilo jengo la kwanza duniani lenye kiunzi cha chuma. Majengo marefu ya leo ni wajukuu zake. Kilifungwa 1987, kikakaa kitupu miaka mingi, kikafunguliwa tena 2022 baada ya kukarabatiwa. Salts Mill, kiwanda cha nguo za sufu kule Saltaire, Uingereza, kilizima mashine 1986. Leo kina maduka na kumbi za michoro ya msanii Mwingereza David Hockney.

Ninachoomba si kikubwa: mwenye jengo azibue mifereji, azibe madirisha, aweke mlinzi, hata kabla mnunuzi hajapatikana. Na halmashauri zisitoe kibali cha kubomoa kwa hoja ya uchakavu ambao mwenye jengo ameuleta mwenyewe kwa kutojali.

Msomaji wako