Safu Zimekufa, Ada Mmekata

Mhariri wa Habari,
Redio ya Jamii,
Kwale, Kenya.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: ADA YA MWAKA ILIYOKATWA KWA HUDUMA ISIYOFANYA KAZI

Nawaandikia barua kwa kuwa msaidizi wenu wa gumzo ana jibu moja tu, nifute kashe ya kivinjari, na kashe yenyewe sasa haina cha kufutwa.

Tulijiunga nanyi kwa jambo moja: kuziona kurasa tunazozifuatilia katika dirisha moja, kwa mpangilio wa saa, bila mtandao kutuchagulia cha kusoma. Redio yetu ni ndogo. Zamu ya alfajiri ina mtu mmoja, na kabla ya taarifa ya saa moja huyo anatakiwa awe amepitia Idara ya Hali ya Hewa, Kenya Power kuhusu maeneo yatakayokatiwa umeme, feri ya Likoni na serikali ya kaunti. Akifungua X, Facebook na YouTube moja moja, saa moja inamkuta bado anapekua. Safu zenu, kila ukurasa ukiwa na safu yake katika dirisha hilo, zilimwokolea muda huo, ndipo nikamshawishi mkurugenzi wetu, mtu asiyetoa shilingi kirahisi, alipie dola 96 kwa mwaka.

Kwamba X imewabana, nalielewa. Mwaka 2023 walifunga API ya bure, yaani njia ya programu kama yenu kuchota machapisho ya X, wakaanza kutoza dola 100 kwa mwezi kwa daraja la chini la kulipia, na 2024 wakaipandisha hadi 200. Huenda hesabu zenu ziligoma. Ninacholalamikia ni kwamba mlinyamaza. Safu za X ziliendelea kuonekana nzima: alama ya kijani juu, maneno “imesasishwa sasa hivi”, na chini yake machapisho yaleyale ya zamani. Anayeitazama safu kama hiyo anaamini hakuna jipya lililotokea. Ingeandikwa tu “haifanyi kazi”, mtangazaji angekwenda X mwenyewe.

Yakatupata msimu wa kusi. Idara ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, huku safu yenu ikituonyesha utabiri wa wiki iliyotangulia. Tukasoma taarifa bila onyo. Wavuvi wa Gasi na Shimoni ndio waliotupigia simu, wakiuliza imekuwaje BMU yao, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, ipate habari kwa WhatsApp na redio isiwe nayo. Hakuna aliyedhurika, Alhamdulillahi, lakini redio inayopewa onyo na wasikilizaji wake haina la kujitetea.

Muda si mrefu baadaye mkakata ada ya mwaka mpya, kamili, kwenye kadi ya redio. Risiti ilifika papo hapo. Barua pepe ya kutuarifu kuwa X imekatika haijafika mpaka leo. Safu za YouTube, nakiri, hazina hitilafu. Lakini kila chaneli ya YouTube ina RSS ya bure, yaani mlisho wa machapisho mapya, ambayo mtu anaweza kuisoma kwa programu isiyolipishwa. Yaani mnatuuzia kile kilichobaki bure.

Wengine waliofikwa na hali kama yenu walisema. Google ilitangaza Machi 2013 kwamba Google Reader, programu yake ya kusomea milisho ya RSS, ingefungwa tarehe 1 Julai, na watu wakapata muda wa kuchukua orodha zao, tena huduma ile haikuwa na malipo. Apollo, programu ya kusomea Reddit, iliposhindwa na bei mpya za API iliwaeleza wateja wake waziwazi kabla ya kufungwa tarehe 30 Juni 2023.

Nataka dola 96 zirudishwe zote, maana safu zilikuwa zimeshakufa kabla hamjazikata pesa hizo. Nataka pia orodha yetu ya vyanzo katika faili la OPML, linaloweza kufunguliwa na programu nyingine za kusomea milisho. Kitufe cha kuitoa mmekihamishia kwenye kifurushi cha bei ya juu, ilhali orodha tumeikusanya sisi kwa miaka. Akaunti iko kwa jina langu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inanipa haki ya kupewa data zangu kwa muundo unaosomeka na mashine. Nyinyi mlioko Ulaya mna GDPR, sheria ya huko ya ulinzi wa data, inayosema hivyohivyo.

Na iondoeni ile alama ya kijani. Sisi tunahama, lakini wako wengine wanaoiamini.

Nangoja jibu la mtu, si la msaidizi wa gumzo, kabla ya mwisho wa mwezi huu. Lisipokuja, nitaiandikia benki kuyapinga malipo hayo, na nakala za picha za skrini ninazo.

Wenu,
Mhariri wa Habari