Kati ya Kariokor na Kariakoo

Mwanangu,

Jumapili uliponipigia ukaniambia umepata kazi Nairobi, na hapo ofisini kwako Posta, katikati ya Dar, nao wamekuongezea mshahara ili usiondoke, nilikujibu "tutaongea" nikakata simu. Hukufurahi, nilikusikia. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kujibiwa huku mashine inanguruma na mteja amesimama anasubiri kupimwa. Leo nimefunga fremu mapema, nimekaa hapa uani Chamazi, nakuandikia.

Umeniuliza maisha ni mazuri wapi, Dar au Nairobi. Watu wa majiji haya mawili hawaachi kutambiana. Wa Nairobi watakwambia Dar joto, watu wamelala, kila kitu polepole. Wa Dar watakwambia Nairobi hakuna salamu, Kiswahili kimevunjika, na usiku hutembei. Mimi nimekaa kote kuwili, miaka sita kule na ishirini huku, na kote nimekula kwa cherehani. Sina timu. Ninachotaka ujue ni siku yako itakwendaje, tangu unaamka mpaka unalala.

Nilifika Nairobi mwaka 1999, nikapokelewa Pumwani Majengo na dada mmoja wa Tanga aliyekuwa ameolewa pale. Kutoka Majengo nilikwenda kwa miguu mpaka soko la Kariokor, nikakodi cherehani, nikakaa jirani na akina mama wa vyondo, vile vikapu vya kusuka, na mafundi wa viatu vya ngozi. Siku ya kwanza nilipomsikia utingo anaita "Kariokor!" nilidhani ananitania, anaigiza Kariakoo yetu. Mzee mmoja wa viatu ndiye aliyenieleza kwamba ni neno lile lile. Waingereza katika Vita ya Kwanza walikusanya wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu, wakakiita kikosi chao Carrier Corps. Walipopiga kambi Nairobi pakaitwa Kariokor, walipopiga kambi Dar pakaitwa Kariakoo. Ndiyo maana huwa nawaambia wanaobishana kwamba majiji haya ni ndugu, yote yalibebeshwa mzigo na bwana mmoja.

Nianze na hewa, kwa sababu hiyo haimo kwenye barua ya ajira. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wewe ulizaliwa Pumwani Julai 2001, mwezi ambao jua halionekani siku nne mfululizo, na nilikufunga vitambaa vitatu ndipo nikutoe nje. Lakini miaka sita sikununua feni, na sikuamka hata siku moja shuka limelowa jasho. Unakwenda kazini kwa miguu nusu saa, unafika nguo ni ile ile kavu.

Dar unaijua mwenyewe, ila kuna usiku usioukumbuka. Ilikuwa Februari 2006, hatujamaliza mwaka tangu turudi, ukame umekausha mabwawa na mgawo wa umeme umepamba moto. Ulikuwa na miaka minne na nusu, mgongo wote upele wa joto. Nilitandika mkeka uani, nikachukua kawa la kufunikia chakula, nikakupepea. Mkono ukichoka nahamishia wa pili. Nikiacha tu, unalia. Ilipoadhiniwa alfajiri bado nilikuwa nakupepea, na saa kumi na mbili nilitakiwa niwe Kariakoo. Simaanishi kwamba Nairobi taa hazikatiki. Mwaka 2000 ukame uliwabana na wao, tukashona kwa mishumaa. Ila kukatika kwa umeme kwenye baridi unajifunika blanketi, kwenye joto la Dar huna pa kwenda.

Sasa nyumba, na hapa nisikilize vizuri.

Mwaka 2003 tulihamia Huruma, chumba kimoja ghorofa ya nne. Bomba lilikuwa chini, na maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mbali, bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mvua ikikataa huko basi huku mjini mnapangiwa zamu. Nilipanda ngazi na mtungi wa lita ishirini mkononi na wewe mgongoni. Kodi ilikuwa mwisho tarehe tano ya kila mwezi. Mwezi mmoja wateja wawili walinizungusha, tarehe saba nikawa sijalipa. Nimerudi jioni umelala mgongoni, nikakuta juu ya kufuli langu limewekwa kufuli jingine, jipya, la rangi ya shaba, bado linang'aa mafuta ya dukani. Ndani kulikuwa na unga wako wa uji, na gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Nilisimama pale na ufunguo mkononi kama mtu aliyepotea njia.

Jirani yangu, mama wa Machakos ambaye hatukuwa na mazoea zaidi ya "habari ya asubuhi", alifungua mlango wake akatuona. Hakuuliza kitu. Alitoa godoro la wanawe akalitandika chini, wanawe wakalala kitandani kwake. Tulilala pale siku mbili. Siku ya tatu akina mama wa chama pale sokoni, wale tuliokuwa tunachangishana na kupeana fedha kwa zamu, walinipa zamu ya mwenzangu, nikalipa, kufuli likatolewa. Gauni nililimalizia usiku kucha. Kwa hiyo mtu akikwambia Nairobi watu hawana utu, mwambie mama yangu alilala kwenye godoro la watoto wa jirani.

Tuliporudi Dar mwaka 2005 kwa sababu bibi yako alikuwa mgonjwa, nilipata chumba Mbagala. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja kwa kunionyesha mlango tu. Niliuza bangili zangu zote mbili. Nilichukia sana, nikasema hawa ni wanyang'anyi, Nairobi unalipa mwezi na dipoziti ya mwezi unaingia. Lakini baada ya hapo miezi sita hakuna aliyegonga mlango wangu. Nilijikuta natulia, nikaingia kwenye kikoba, na mwaka 2009 nikanunua kiwanja hapa Chamazi.

Hilo Nairobi nisingeliweza, na sababu yake iko wazi. Nairobi yote ina kilomita za mraba 696. Mkoa wa Dar ni kama mara mbili yake. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 ndani ya Nairobi, na yetu ya 2022 ikahesabu 5,383,728 ndani ya Dar. Kule ardhi imekwisha, watu wanapandishwa juu. Nenda Pipeline, Embakasi, uone maghorofa yalivyobanana mpaka chumba cha chini kinawashwa taa saa sita mchana. Huku jiji linatanuka tu, Chamazi, Chanika, Kivule, na fundi cherehani akinunua tofali hamsini hamsini siku moja ataezeka bati. Rafiki yangu wa Kariokor alikuwa na wateja kunizidi. Mpaka leo anapanga. Mimi niko kwenye uwanja wangu, mwembe wangu unanidondoshea majani kwenye karatasi.

Nimeulipia nini uwanja huu, unajua? Muda wa saa nne kila siku ndani ya daladala. Natoka saa kumi na nusu alfajiri, narudi saa tatu usiku. Ulikuwa darasa la tano. Ulikuwa unaacha daftari la hesabu juu ya meza limefunguliwa, nami asubuhi nalitazama kwa mwanga wa simu, wewe umelala, naweka vema kwa penseli pale penye vema ya mwalimu ili ujue nimeona. Miaka mingi mimi na wewe tumeongea kwa penseli. Njia ya mabasi ya mwendokasi imeshafika mpaka Mbagala, na hilo ni jambo kubwa, wanaokuja nyuma watapumua. Sisi miaka ile imekwisha.

Na usidhani Nairobi hakuna foleni. Nilipokwenda juzijuzi kumzika yule dada wa Tanga, Mungu amrehemu, niliiona ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyofunguliwa 2022. Nzuri kweli. Nilikuwa chini yake ndani ya matatu, dakika arobaini hatujasogea, naangalia nguzo. Matatu zenyewe zimetulia lakini. Sisi tuliokuwapo kabla ya Februari 2004, kabla ya Waziri Michuki kuleta mikanda na mstari wa njano na kukataza abiria kusimama, tunajua tulikotoka. Ulikuwa unapakatwa na mtu nisiyemjua kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Chakula: samaki wa soko la Feri utamsahau, ila mboga za Nairobi ni mbichi na nyingi, na chapati zao sina la kusema. Usalama: shika pochi kote kuwili. Wanaosema Dar ni peponi wamewasahau panya road, yale magenge ya vijana waporaji. Lugha: ofisini watakusemesha Kiingereza, mtaani Sheng, na dukani mtu atakwambia "nipe" pale ambapo wewe ungesema "naomba". Hajakutukana. Ndivyo anavyosema hata kwa mama yake. Mapumziko: hapa una bahari, ufukwe wa Coco unakaa mpaka jua linazama hujatozwa senti. Kule bahari hakuna, ila kuna msitu wa Karura katikati ya jiji. Mwaka ule nilioingia, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawiwe matajiri. Leo watu wanatembea chini ya ile miti na watoto wao. Nenda hata mara moja, kwa ajili yangu, sikuwahi kufika.

Mshahara. Laki moja ya Kenya ukiibadilisha ni kama milioni mbili za kwetu, na najua hesabu hiyo imekuzungusha kichwa. Usiibadilishe. Utaipokea kule na kuitumia kule. Wewe ndiye mhasibu: kata kodi ya mapato, kata asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba, kata mfuko wa jamii, kisha toa chumba na nauli, ndipo uweke kilichobaki pembeni ya kitakachobaki Posta. Halafu andika mstari mmoja zaidi ambao maofisini hamuuandiki: saa ngapi kwa siku utakuwa njiani.

Nimewaza usiku tatu. Nenda Nairobi.

Nenda kwa sababu huna mtoto mgongoni, una miaka ishirini na minne, na baridi ile itakuacha na nguvu jioni. Lakini usinifuate nyayo. Usitafute chumba kikubwa cha bei nafuu Rongai, nje ya jiji, ukaanza kuamka saa kumi. Chukua kidogo, hata kama kitanda kitagusa jiko, mradi unafika ofisini kwa miguu. Kabla ya kulipa dipoziti panda mpaka huko juu, fungua bomba la chumbani, uliza wapangaji wanawake siku za maji, usimuulize mwenye nyumba. Kodi ya miezi miwili iwe imekaa pembeni daima, usiiguse hata kwa msiba wangu. Ingia chama mwezi wa kwanza. Na kibali cha kazi kiwe mkononi kabla hujavuka mpaka wa Namanga, usikubali "tutakushughulikia ukifika", kwa sababu kuzaliwa Pumwani hakukufanyi Mkenya.

Kiwanja cha pili hapa Chamazi, kile cha kona, mwenyewe bado hajauza. Nimemwambia anipe mwaka mmoja. Ukiweza kutuma kitu kila mwezi, kidogo tu, mimi nitasimamia tofali. Hiyo ndiyo njia ninayoiona: ule mshahara wa kule, ujenge huku, ili siku ukirudi na mtoto wako usikae daladala saa nne kama mimi. Kama hutaki kurudi pia niambie mapema, nisije nikamwaga msingi bure.

Sanduku langu la chini nimelifungua leo. Lile sweta la kijivu nililolivaa nikiwa na mimba yako lipo, kiwiko kimoja kilikuwa kimetoboka, nimekiziba kwa kitambaa cha ndani ya koti. Nimelirefusha mikono, maana wewe umenizidi kimo. Nalituma kesho na dereva wa daladala mpaka hapo kituoni kwako, atakupigia. Usiache kwenda kulichukua.

Mama yako