Kaka, kiwanja cha Chanika kisiuzwe

Columbus, Ohio, Marekani

Kaka yangu mpendwa, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara 3. Umesema kikao cha Jumapili hapo Tandika kimekubaliana kiwanja cha Chanika kiuzwe, Mama akatiwe viza, aje kuzibuliwa mishipa ya moyo huku kwangu. Najua mmeamua kwa mapenzi. Mimi nakataa, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujawaambia wengine.

Unakumbuka mwezi wa 4 nilituma hela nusu, nikasema kazi imepungua? Nisamehe, haikuwa kazi. Nilishikwa na tumbo usiku, jirani akaita gari la wagonjwa, kumbe ni kidole tumbo. Huduma yenyewe siwezi kuisema vibaya: saa moja haikuisha nilikuwa nimeshapigwa CT scan, na kabla hakujapambazuka nimeshapasuliwa. Hakuna aliyeniuliza hela mlangoni, maana sheria yao ya 1986 inailazimisha hospitali yenye kitengo cha dharura kumhudumia mtu mpaka hali yake itulie, awe nacho asiwe nacho. Bili inakufuata nyumbani. Yangu ilikuja dola 34,000 na ushei.

Na bima ninayo, kaka. Wananikata kazini kila mshahara. Ila bima yenyewe haianzi kulipa matibabu kama yale mpaka kwanza nitoe dola 3,000 mfukoni kwa mwaka, na hata baada ya hapo bado nachangia. Ilipomaliza kulipa sehemu yake nikabaki na deni la dola 5,900. Gari la wagonjwa likaleta bili yake peke yake, kwa sababu sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, iliyoanza 2022, haikuyagusa magari ya barabarani. Dada mmoja Mkongo ninayefanya naye kazi ndiye aliyenifungua macho: hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Nikajaza fomu, wakanipunguzia, sasa nalipa kidogo kidogo.

Huyo ni mimi mwenye bima. Mama atakuja kama mgeni. Medicare, bima ya serikali ya wazee, hata mzee mwenye green card, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, ambaye hajafanya kazi huku husubiri akae miaka 5 mfululizo ndipo aruhusiwe kuinunua. Bima za wageni nazo kwa kawaida hazigusi ugonjwa ambao mtu amekuja nao.

Tena Medicare hiyohiyo hailipii mtu kukaa muda mrefu kwenye nyumba ya wazee. Pale ninapofanya kazi kuna bibi namwogesha kila alfajiri. Alikuwa na nyumba na bustani ya waridi. Nyumba ikauzwa, hela ikaliwa yote na matunzo, ndipo akapokelewa kwenye Medicaid, bima ya wasio na kitu. Akianza kunisimulia yale maua yake, mimi namwona Mama na michungwa yake ya Chanika.

Sasa tuje nyumbani. Hapo Muhimbili, Upanga, kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kuzibua mishipa ya moyo bila kupasua kifua, kwa kupitisha mrija mkononi au pajani, ni kazi wanayoifanya. Na Mama yumo kwenye kadi yako ya NHIF, bima ya afya ya taifa. Wewe mwalimu unakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3, na mzazi ni mtegemezi halali.

Najua kilichokukatisha tamaa. Ile Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa zilipogomea kitita kipya cha bima, yaani orodha mpya ya huduma na bei zake, Mama alirudishwa mlangoni. Siku nyingine mkaambiwa dawa hakuna dirishani, mkanunue nje. Una haki ya kukasirika. Mama wa miaka 68 kusimama juani na kadi mkononi, linaniuma mpaka leo. Mtu anayekatwa mshahara kila mwezi haombi fadhila, anadai chake.

Lakini hasira isituuzie kiwanja. Chukua rufaa hospitali ya Temeke, mpeleke kliniki ya moyo. Kabla hajalazwa, pita dirisha la bima uulize kadi inabeba nini na nini haibebi, vipimo na vifaa, waandike kwenye karatasi. Unipigie picha hiyo karatasi. Nilishaanza kuweka hela ya tiketi ya Mama. Iende hapo, na itakayopungua tutachangishana sote, shangazi akiwemo, maana ameahidi.

Kliniki ikianza saa 2 asubuhi kwenu, kwangu itakuwa saa 7 usiku na nitakuwa zamu. Nimeshamwomba msimamizi dakika 10 nitoke koridoni. Piga Mama akiwa pembeni yako, nimsikie.

Mdogo wako